Nati za Barabara ya Kamahiga

Bolti ya gurudumu la nyuma la pikipiki ya Wambugu ilikuwa imeshika. Kabla ya kuileta kwa fundi Wachuka, Wambugu mwenyewe alikuwa ameihangaikia kwa spana isiyoitosha, mpaka pembe za kichwa chake zikalika na kubaki mviringo kama tembe ya dawa. Wachuka aliitazama bila kumgombeza. Kila mwendesha bodaboda wa Tetu alikuwa na spana moja isiyotosha chochote, na aliitumia kwa kila kitu.

"Nilikuwa nataka tu kukaza cheni," Wambugu alisema.

"Na ukakula kichwa."

"Ati mimi? Ilijikula yenyewe, fundi."

Wachuka aliimwagia bolti dizeli akaiacha inywe huku naye akinywa chai. Alipomaliza, akachukua nyundo akaigonga kichwani mapigo mafupi yaliyonyooka, ya kuivunja kutu ndani bila kuipinda bolti. Akaipasha moto, akaiacha ipoe. Kisha akachomelea nati nzima juu ya kile kichwa kilicholika, akatia spana ndefu, akakaza kidogo kwanza kama ilivyo desturi ya kazi, ndipo akavuta kulegeza.

Bolti ikazunguka kidogo. Halafu ikarudi.

Akavuta tena. Ikazunguka, ikarudi. Wachuka akaketi juu ya tairi bovu akaishika spana kwa mkono mmoja tu, taratibu, kama mtu anayempima mgonjwa mapigo ya moyo. Kutu alikuwa akiijua. Kutu haichoki, haibadilishi mkono. Kilichoishika bolti hii kilikuwa kikilegea kidogo, kikijipanga, kisha kikikaza upya.

"Kuna mtu ameshika upande ule mwingine," alimwambia Wambugu.

Wambugu aliinama akachungulia upande ule mwingine. Hakukuwa na mtu. "Sasa atashika mpaka saa ngapi?" aliuliza. "Niko na mama wa kupeleka kliniki."

Siku hiyo mama wa kliniki alipelekwa na mwingine. Bolti ilikuja kuachia jioni, yenyewe, bila sababu iliyojulikana. Lakini kabla ya wiki kwisha pikipiki nyingine zilikuwa zimepangwa mbele ya kibanda cha Wachuka, moja bolti za injini zimeshika, nyingine nati za breki, nyingine ekseli ya mbele. Zilikuwa za watu mbalimbali, mpya na kuukuu. Kitu kimoja tu kiliziunganisha: zote zilikuwa zikipita barabara ya Kamahiga.

Barabara hiyo ilikuwa bado mpya, na watu walikuwa wakiisifu. Zamani, mvua ikinyesha, majani chai yalikuwa yakiozea kwenye magunia kwa kukosa gari la kuyafikisha kiwandani. Kontrakta aliyeijenga aliitwa Kingori, mtu wa pale pale, na kokoto yake aliitoa kwenye machimbo yake mwenyewe nyuma ya kilima. Katika msimu wa mvua ndefu ukuta wa machimbo ulianguka alasiri, kishindo kikasikika hadi sokoni. Kingori alisema hakukuwa na mtu chini. Vibarua, alisema, walikuwa wamemaliza kazi asubuhi hiyo wakaenda kujitafutia mahali pengine. Tingatinga likasukuma lile rundo, mashine ya kusaga mawe haikuzimwa, na barabara ikakamilika kabla ya muda wake.

Familia zilipokwenda kumuuliza, Kingori alizipokea vizuri, akaipa kila familia mji wake. Familia ya kijana mmoja aitwaye Usman ilipewa Isiolo. Nyingine ilipewa Kagio. Wachuka, ambaye mumewe Mutahi alikuwa akipasua mawe pale, alipewa Nanyuki.

"Amepata kazi kwa hoteli huko," Kingori alimwambia kwa sauti ya mtu anayetoa pole. "Na nasikia amepata na mtu mwingine. Wewe jipe moyo tu."

Wachuka hakuamini, lakini hakuwa na kitu cha kuweka mahali pa lile asiloliamini. Aliyeamini ni mama mkwe wake, Gathoni. Gathoni alisema mwanamume ambaye mkewe ananuka mafuta ya injini lazima siku moja ataifuata harufu nyingine. Alilisema kanisani, akalisema kwenye kikundi cha akina mama, na baada ya hapo hakumsemesha Wachuka tena, ingawa maboma yao yaligawanywa na ua wa michongoma tu. Kila mwezi alichemsha nduma, magimbi ya kumpelekea mwanawe, akazifunga kwenye kitambaa, akapanda gari kwenda Nanyuki. Alitembea hoteli hadi hoteli akionyesha picha ya Mutahi kwa walinzi. Walinzi walikuwa na adabu. Jioni alirudi na nduma zake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa pikipiki zilipoanza kushikwa.

Zamani, kabla Mutahi hajaenda kupasua mawe, yeye na Wachuka walikuwa wakifanya kazi pamoja kibandani. Kuna bolti ndefu inayopita katikati ya pikipiki na kushika uma wa gurudumu la nyuma, na hiyo mtu mmoja haifungui vizuri: mmoja hushika nati upande huu, mwenzake huzungusha bolti upande ule. Mutahi ndiye aliyekuwa akishika nati. Alikuwa wa mkono wa kushoto, na alikuwa na utundu. Wachuka akianza kuvuta, Mutahi alimrudishia mivuto mitatu mifupi, tik tik tik, kumchokoza, ndipo akashika sawasawa. Wachuka alikuwa akimtukana kila mara. Ilikuwa ndiyo salamu yao.

Asubuhi moja Wambugu alirudi, safari hii na ile bolti ndefu. Wachuka akatia spana akavuta. Kutoka upande ule mwingine, ambako hakukuwa na mtu wala spana, ikaja mivuto mitatu mifupi.

Wambugu alikuwa akisoma simu.

"Mutahi," Wachuka alisema, "achilia, mwenye pikipiki ana haraka."

Bolti ikatoka kwa wepesi kama imepakwa grisi. Wachuka aliiosha kwa dizeli kwenye bakuli. Chini ya bakuli ukatua unga mweupe, laini kuliko vumbi lolote la barabara, kama wa mfupa uliosagwa. Aliikausha bolti, akaipaka grisi, akairudisha mahali pake, akaikaza. Kisha akachukua lile bakuli akalifunika kwa sahani safi, akaliweka kwenye rafu ya juu. Akaenda nyuma ya mabati, mahali pa tairi kuukuu, akakaa huko kiasi. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

"Ilikuwa Mutahi?" Wambugu aliuliza.

"Ndiye."

"Basi si alienda Nanyuki."

"Hakuenda."

Wambugu aliwasha pikipiki, akasita, akaizima tena. "Pole, fundi," alisema. Halafu akaiwasha akaenda.

Jioni Wachuka aliuzunguka ule ua wa michongoma akamkuta mama mkwe wake akikamua ng'ombe. Alimweleza yote, habari ya machimbo na kokoto na mkono wa kushoto. Gathoni aliendelea kukamua.

"Mwanangu yuko Nanyuki," alisema hatimaye. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Wachuka tangu msimu ule wa mvua. "Mtu akiwa mzima haitwi kwa bolti. Wewe unataka nimzike ndiyo upumzike."

Ng'ombe akapiga teke ndoo ikamwagika, na mazungumzo yakaishia hapo.

Vipuri Wachuka alikuwa akinunua mjini Nyeri kwa Shariff, mzee mwenye duka la pikipiki karibu na msikiti. Alipokwenda kununua bolti, akanunua nyingi kuliko kawaida, na Shariff akamuuliza kulikoni. Wachuka akamwambia. Shariff aliisikiliza habari yote mikono yake ikiwa juu ya kaunta. Usman alikuwa mtoto wa marehemu ndugu yake. Shariff ndiye aliyemlea.

"Isiolo nimeenda mpaka nimejulikana," Shariff alisema. "Huko wananiita Mzee wa Kijana."

Ijumaa, baada ya sala, alifika Tetu na kanzu yake nyeupe, akaketi kwenye benchi la Wachuka. Akajaribu bolti ya pikipiki moja, akatikisa kichwa. Akajaribu ya pili, akakaa nayo. Alisema mkono ulioko pale ulikuwa ukitetemeka kidogo, na Usman alikuwa hivyo tangu utotoni akiogopa kukaripiwa.

"Usman," alisema, "ni mimi. Hakuna anayekugombeza."

Nati ikazunguka ikamdondokea kiganjani. Shariff alisoma yale yanayosomewa waliofariki, akamnunulia mwenye pikipiki soda kwa ajili ya usumbufu, kisha akaenda kituo cha polisi kuandikisha taarifa. Pale aliambiwa kwamba mtu aliyeko Isiolo huandikishwa Isiolo.

Chifu naye aliitisha baraza. Alisema ofisi yake imepokea malalamiko kuhusu bolti, na uchunguzi umeonyesha kwamba ni bolti bandia kutoka nje. Aliwahimiza wananchi wanunue bolti halisi. Wananchi wakanunua bolti halisi. Zikashika vile vile. Baadaye wakazoea. Mwendesha bodaboda akipata pancha njia ya Kamahiga, abiria wake alimwona akipiga magoti, akitia spana na kuita kwa sauti ya kawaida, "Mutahi! Usman!" Ikikubali, vizuri. Ikikataa, ilikuwa ya mtu ambaye jina lake halijulikani, na hapo ilibidi pikipiki isukumwe hadi kwa Wachuka ingoje saa yake ya kuachia.

Wachuka alijua sasa kwamba wako wengine. Aliijua mikono yao kabla ya kuwajua wao. Kulikuwa na mmoja mwenye nguvu asiyependa mzaha. Kulikuwa na mmoja aliyekosa kidole. Na kulikuwa na mkono mdogo, mkakamavu, uliokuwa ukishika nati kama mtu anayeshika mfuniko wa sufuria ya moto. Kwa huyo alijaribu majina yote ya vijana aliowahi kuyasikia, bila mafanikio.

Barabara ilipangwa kuongezwa, kipande cha pili, kutoka kiwanda cha chai hadi mto wa chini, na kazi akapewa tena Kingori. Asubuhi ya sherehe ya kuizindua, gari lake kubwa jeusi lilipata pancha mita chache kutoka kibanda cha Wachuka. Dereva alijaribu kufungua gurudumu hadi spana ikapinda. Akajaribu kwa bomba la chuma, akaanguka mgongo. Watu waliokuwa wakienda kwenye sherehe wakasimama. Chifu naye akasimama, kwa kuwa alikuwa amepewa lifti kwenye gari hilo. Gathoni alikuwa pale kando ya barabara na furushi lake la nduma, akingoja gari la kwenda Nanyuki.

Wachuka aliitwa. Alikuja na spana ya msalaba, akapiga goti, akaigusa kila nati. Kila moja ilikuwa na mkono wake.

"Mutahi, achilia," alisema, na moja ikatoka. "Usman." Ikatoka nyingine. Akasimama akajipangusa mikono kwa kitambaa. "Hizi zingine siwezi, Bwana Kingori. Sijui majina yao. Wewe ndiye unajua."

Hakusema kwa ukali. Watu walimtazama Kingori bila chuki ya kuonekana, vile watu wanavyomtazama mwenye gari lililozuia njia. Kingori aliangalia saa yake. Akatazama upande wa mlima, ambao asubuhi hiyo ulikuwa wazi hadi kwenye theluji. Kisha akafunga kifungo cha koti, akapiga magoti karibu na gurudumu, akaanza.

"Ndirangu wa Kamotho," alisema. Wachuka akazungusha, nati ikatoka. "Gikonyo, yule wa Kagio." Ikatoka. "Muriithi wa Wahome." Alikuwa akiyasema kwa ufasaha, jina baada ya jina, kama mzee wa kanisa anayetoa matangazo. Hakukwama hata mara moja. Ilionekana wazi kuwa alikuwa hajayasahau hata siku moja.

Ikabaki nati moja. Wachuka aliishika akaujua ule mkono mdogo.

"Kuna mwingine," alisema.

"Hao ndio wote," Kingori alisema.

"Kuna mwingine, Bwana Kingori. Ameshika."

Kingori alikunja uso akifikiri, na kufikiri kwake kulikuwa kwa kweli. "Ah," alisema. "Tabby. Yule wa kupika chai. Alikuwa amewapelekea chai ya saa kumi."

Nati ikaachia kabla Wachuka hajaivuta. Watu wakatazamana. Hakuna aliyewahi kwenda kumuuliza Kingori habari za Tabby, na kwa hiyo Tabby hakuwahi kupewa mji.

Dereva alibadilisha gurudumu. Nati zikaingia bila taabu, zikakazwa. Kingori akajipangusa vumbi magotini, akamshika Wachuka mkono.

"Wewe ni fundi mzuri," alimwambia. "Tutakuwa na magari mengi hapa kipande hiki cha pili. Nitakukumbuka."

"Twende basi," chifu alisema, "wageni wanangoja."

Wakaenda. Kwenye sherehe mchungaji aliombea kipande cha pili, akamshukuru Mungu kwa kuwa kipande cha kwanza kilijengwa bila ajali yoyote, na watu, ambao wengi wao walikuwa wametoka pale kwenye gurudumu, wakaitikia amina, maana sala ilikuwa imeshafika mahali pa amina. Shariff alipopata habari alirudi kituoni na orodha ya mashahidi kichwani. Aliambiwa kwamba kutaja jina la mtu si kosa.

Gari la Nanyuki lilikuja likasimama, utingo akamwita Gathoni, "Mama, twende, kiti kiko." Gathoni alimtazama kana kwamba amemsemesha kwa lugha ya mbali. Gari likaondoka. Akavuka barabara, akaja hadi kibandani, akaweka furushi lake mezani katikati ya spana. Alilifungua, akamenya nduma moja kwa ukucha wa kidole gumba, akampa Wachuka. Wachuka alikuwa na mafuta mikononi, hivyo Gathoni akamlisha kipande kwa kipande, bila kumtazama.

"Alikuwa hapo barabarani siku hizo zote," Gathoni alisema. "Na mimi nikimpita juu na gari, nikienda kumtafuta."

"Sote tulimpita, mama."

"Wewe ulisimama."

Wachuka alishusha lile bakuli kutoka rafu ya juu, akalifunua. Gathoni aliutazama ule unga, akalifunika mwenyewe, akalipakata mapajani kwa mikono yote miwili. Kwa siku kadhaa alikuja kila asubuhi na kuketi hivyo. Waliongea mambo madogo: bei ya majani chai, mguu wa ng'ombe, jinsi Mutahi alivyochelewa kutembea utotoni. Kipande cha pili kilianza. Malori ya Kingori yalipita yakiwa yamejaa kokoto ya machimbo yale yale, yakitimua vumbi lililotua juu ya meza, juu ya spana, juu ya leso ya Gathoni. Wachuka aliombwa kuyatengeneza akakataa, akaajiriwa mwingine kutoka Karatina, na yule mwingine akaja kumuuliza Wachuka majina ili apate kufanya kazi. Wachuka akamfundisha, na la Tabby akamfundisha la kwanza.

Alasiri moja Wambugu alikuja akisukuma pikipiki, abiria wake nyuma kwa miguu, mwanamume wa suti aliyekuwa akiwahi mkutano. Ilikuwa ile bolti ndefu ya uma wa nyuma. Wachuka alitia spana, akavuta, akasikia tik tik tik. Akamgeukia mama mkwe wake.

"Njoo ushike," alisema.

Gathoni aliliweka bakuli chini, akanyanyuka. Hakuwahi kushika spana maishani mwake. Wachuka aliipanga mikono yake juu ya chuma, mmoja hapa, mmoja pale, akamwambia avute polepole kuelekea kwake. Gathoni akavuta. Bolti ikazunguka kidogo, ikarudi. Akavuta tena, ikarudi. Mabega ya Gathoni yakashuka.

"Mwite sasa," Wachuka alisema. "Mwambie aachilie."

Gathoni hakumwambia. Alisimama vile vile, ameinama, spana mikononi, na upande ule mwingine mkono wa mwanawe ulikuwa umeshika, ukilegea kidogo, ukijipanga, ukishika tena. Lori likapita. Mwanamume wa suti akakohoa, akaiangalia saa, akauliza kama kazi itachukua muda mrefu.

"Mutahi," Gathoni alisema karibu sana na chuma. "Usiachilie bado."

Wambugu alimsikia. Akamgeukia abiria wake, akamwambia kwa adabu kwamba kule mbele, penye duka la maziwa, kuna pikipiki nyingine. Kisha akavuta tairi bovu, akaketi, akangoja.